Masika yamekwisha: bustanini kwako kimechanua nini, na kimekufa nini?

UaniKwaMama (Dar es Salaam), Juni 8, 2024

Wakuu, salaam. Mvua zimekata, kipupwe kimeingia, asubuhi mtu unakaa barazani na kikombe cha chai unazungukia vyungu kimoja kimoja. Katika mwaka mzima wa bustani huu ndio wakati ninaoupenda zaidi. Mimea ya kudumu, ile unayoipanda mara moja ikakaa nawe miaka, sasa ndiyo inaonyesha imevuka vipi.

Na mwaka huu kulikuwa na cha kuvuka. Vuli ilikuja na El Niño, haijapumzika vizuri masika yakadakia, kisha mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikatua Mafia na sisi huku pwani tukapata sehemu yetu ya upepo na mvua. Wapo waliopoteza nyumba, wapo waliopoteza ndugu. Nawapa pole kwanza, ndipo nizungumze habari za maua.

Vilivyochanua kwangu. Bogenvilia ya getini ilishinda miezi mitatu ikiwa majani matupu, imenona, haina hata ua moja. Jua lilipowaka wiki mbili mfululizo na udongo ukaanza kupasuka, ikafunguka yote hadi ukuta hauonekani. Hupenda kiu huyu. Na kwa wasiojua: ile zambarau yote mnayoisifia ni majani. Ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati, ukikasogelea kwa karibu utaona kamefungua mdomo kama tarumbeta.

Kana nyekundu zimefurahia maji kuliko mimea yote. Marehemu mama akiziita mtasubihi kwa sababu ya zile mbegu nyeusi ngumu kama shanga. Zimejaa mpaka mtaroni.

Vinka nimepoteza karibu nusu, shina lilikuwa linalegea kutokea chini halafu mche mzima unalala. Adeniamu, yaani waridi la jangwani, ninazo tatu: mbili zina maua, ya tatu nikiibonyeza shina naona limelainika upande mmoja. Kuhusu hiyo naomba ushauri.

Sasa nililokuja kulisema hasa. Asumini ya mama imekufa.

Aliileta kutoka Pangani mwaka 2005, kipandikizi kimoja ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaipanda nje ya dirisha la jikoni. Mama alifariki 2017. Tangu hapo, jioni za msimu wake, mimi huchuma vitumba kabla havijafunguka, naviweka kwenye sahani yenye maji kidogo sebuleni. Ikifika saa tatu usiku vimeshafunguka na nyumba nzima inanukia mama. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

Aprili majani yakaanza kugeuka njano kutokea chini. Nikasema ni njaa, nikatia samadi. Yakazidi. Nikatia mbolea ya dukani. Mwisho wa Mei zimebaki fito tupu. Nataka kujua nilikosea wapi, maana nina mimea mingine na sitaki kurudia. Na ninyi mtaje vyenu, vilivyochanua na vilivyokufa. Watu huleta picha za maua tu, waliokufa hawatajwi, na mwenye msiba anabaki akidhani ni yeye peke yake.

---

Chausiku_Msa (Mombasa), Juni 8

Pole sana dadangu, kwa mama na kwa asumini yake. Huku kwetu bogenvilia pia zimefungua wiki hii. Nilichopoteza ni ndimu ya chungu na anthuriamu mbili, konokono wakubwa walizila usiku mmoja zikabaki mishipa. Nilikuwa nawaokota na tochi, ndoo nzima kila jioni.

---

MzeeWaKitalu (Muheza), Juni 8

Mwanangu UaniKwaMama, pole. Kabla hatujamhukumu mtu nijibu haya. Maji ya mvua pale dirishani yalikuwa yanaelekea wapi? Kuna kitu kimebadilika hapo uani tangu masika ya mwaka juzi? Ukichimba, udongo wa chini unanukaje? Na la mwisho: umekwaruza gome kwa ukucha mpaka chini kabisa kwenye shina? Usiing'oe kwanza.

---

Baridi_Njombe (Njombe), Juni 9

Huku kwetu habari ni kinyume. Mvua ziliisha salama, kinachoua sasa ni sakitu, ule umande unaoganda usiku. Usiku wa kuamkia jana ilidondoka, asubuhi nyasi nyeupe zinalia chini ya kiatu. Dalia zangu zilikuwa na maua ya mwisho ya msimu, mengine makubwa kama sahani ya chai. Saa mbili asubuhi jua lilipozigusa zikageuka nyeusi, majani yananing'inia kama yamemwagiwa maji ya moto.

Ila dalia siihesabu kwenye waliokufa. Juu panaungua, viazi vyake vya chini viko salama maadamu udongo hautuamishi maji. Nakata mashina nabakiza kiganja kimoja, nafunika kwa majani makavu ya migomba, mvua za Novemba zikirudi zinaibuka. Niliyempoteza kweli ni haidrenjia. Nilimpogoa Mei kwa pupa, akatoa machipukizi mapya laini, sakitu ikayakuta. Sasa ni kijiti. Agapanthasi hana habari, baridi kwake ni hali ya hewa tu.

Wanaoishi ukanda wa baridi, tandazeni gunia au shuka kuukuu juu ya mimea jioni, mfunue jua likitoka. Nailoni isiguse majani, inapogusa panaungua vilevile.

---

UaniKwaMama, Juni 9

Shikamoo mzee. Nimechimba leo asubuhi, nakujibu kwa mpangilio wako.

Sehemu ya juu, kama kina cha kiganja, udongo ulikuwa mkavu wa kijivu. Chini yake ukabadilika ghafla, mweusi, wa kunata, na harufu ikanipiga usoni: harufu ya matope ya mikokoni maji yakipwa. Nikashika mzizi mmoja unene wa kalamu nikavuta taratibu. Gome likavuka lote likabaki vidoleni kama soksi, ndani kikabaki kiuzi cha kahawia. Mzizi wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Nikaacha kuvuta.

Kilichobadilika, mzee, nimekiona nikiwa nimepiga magoti pale pale. Oktoba mwaka jana tulitandika pevingi uani kote. Asumini tuliiachia tundu la futi mbili kwa mbili, tukajenga na kingo ya saruji kuizunguka ili ipendeze. Na maji ya paa la jikoni yanashukia hapo hapo.

Kwa hiyo si mvua. Hii asumini ilipita mvua za mwisho wa 2019 zilizoungana na masika ya 2020 bila kudondosha jani. Tuliijengea kisima tukaiweka ndani.

Nimekwaruza. Fito zote za juu kahawia. Ila kuna moja, upande wa ukutani, imetokea karibu kabisa na ardhi, ukucha umetoa rangi ya kijani.

---

MzeeWaKitalu, Juni 9

Marahaba mwanangu. Umechimba, na hilo wengi hawalifanyi; wanaangalia majani tu.

Nielezee kwa faida ya wote. Mzizi unapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna nafasi ndogo za hewa. Maji yakizijaza na yasipate pa kwenda, mzizi unakosa hewa, unakufa, kisha ukungu unaingia kumalizia. Ile harufu uliyoisikia ni ya udongo usio na hewa. Mzizi ukishakufa hauwezi kuvuta maji, kwa hiyo juu majani yananyauka na kuwa njano ilhali chini pamelowa chepechepe. Mti unaozama unafanana kabisa na mti wenye kiu au wenye njaa. Mwenye bustani anaona majani, anaongeza maji au anaongeza mbolea. Kutia samadi kwenye mizizi iliyooza ni sawa na kumlisha pilau mgonjwa wa tumbo. Hukujua, na mimi nilishaua michungwa minne kwa namna hiyo hiyo kabla sijajifunza.

Sasa hiyo fito yenye kijani. Usisubiri ichipue pale, sumu ya chini itaifikia. Kesho alfajiri, kabla jua halijakaza, ikate yote. Uwe na mkasi uliopitishwa motoni au kwenye spiriti. Gawa vipande vya urefu wa sentimita 12 hadi 15, kila kimoja kiwe na vifundo visivyopungua vitatu, ukate chini kidogo ya kifundo maana mizizi inapenda kutokea hapo. Majani ya chini ondoa. Ya juu bakiza mawili, kama ni makubwa yakate nusu.

Udongo: mchanga wa mtoni uliooshwa, usichukue wa baharini, una chumvi. Changanya nusu kwa nusu na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa. Mbolea usitie hata chembe. Makopo yatobolewe chini matundu mengi. Panda vikiwa vimeinama kidogo, shindilia kwa kidole, nyunyiza maji mara moja, kisha vifunike kwa chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako. Weka kivulini penye mwanga. Asubuhi fungua kizibo dakika chache hewa ibadilike.

Wakati wa joto ningekwambia wiki nne hadi sita. Kipupwe hiki kitachelewesha. Na nakuomba sana: usivute kuangalia kama vimetoa mizizi.

---

Mkigamboni, Juni 9

Wakuu samahani nachomekea. Mawaridi yangu yana majani yameungua kingo, kahawia, kama yamechomwa na kiberiti pembeni. Hayakupata mafuriko. Yameanza mvua zilipokata.

---

MzeeWaKitalu, Juni 9

Mvua zilipokata ukarudi kumwagilia kwa maji gani? Kama ni ya kisima, yaonje.

---

Mkigamboni, Juni 9

Ni ya kisima. Nimeonja. Magadi kabisa, kumbe chumvi ndiyo inayaunguza. Ahsante mzee.

---

BintiMkunazini (Unguja), Juni 10

Da'angu UaniKwaMama, nimesoma habari ya sahani sebuleni nikasimama nikaenda kuangalia yangu. Pole mwaya. Mwenyezi Mungu amrehemu mama.

Mashallah, kwangu langilangi umeanza kuchanua tena, ukipita chini yake magharibi unatamani usitoke. Rihani nimepanda upya, ile ya zamani ilioza. Asumini ninazo aina mbili, na ningependa kujua ya mama ilikuwa ipi. Kuna yenye petali za tabaka moja, nyembamba, harufu yake inatembea mbali. Na kuna ile iliyofungamana tabaka nyingi kama waridi dogo, ni nzito mkononi lakini kwa pua yangu haifiki mbali kama ya kwanza. Bibi yangu kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, alitaka ile ya tabaka moja tu, pamoja na rihani na mkadi. Akituchagulia vitumba yeye mwenyewe, ambavyo vimeanza kuwa vyeupe lakini havijafungua mdomo. Kilichofunguka akikirudisha, akisema hiki kimeshatoa roho yake hewani.

Na jambo moja la kitaalamu: asumini hutoa maua kwenye matawi mapya. Msiogope kuipogoa baada ya kila mchanuo. Isiyopogolewa inakuwa kamba ndefu zenye ua moja nchani.

Niliyempoteza mimi ni mkilua. Vijana wengi hawaujui. Ni mti mdogo wa misitu yetu ya pwani, Kenya na Tanzania, na wataalamu walipouandika rasmi mwaka 1970 wakaliacha jina letu la Kiswahili liwe ndilo jina la kisayansi la jenasi yake: Mkilua. Maua yake wanawake wa pwani tangu zamani wameyatumia kwa manukato, kuyaweka kwenye nguo na kujipamba. Nilipewa mche na shangazi yangu wa Tanga, nikaulea miaka minne. Upepo wa Mei uliangusha tawi la mwembe juu yake. Umevunjika chini kabisa. Nimeacha kisiki, namwagilia kidogo kila Ijumaa. Huenda.

---

MzeeWaKitalu, Juni 10

Binti, kisiki usikiache. Miti mingi ya jamii ya mtopetope, na mkilua ni wa jamii hiyo, huchipua kwenye kisiki ukipewa muda. Kata palipovunjika pawe laini na pawe mshazari ili maji yasituame juu.

---

WaridiLaJangwa (Dodoma), Juni 11

Kuhusu adeniamu iliyolainika, dada UaniKwaMama, kila siku inayopita ni hasara. Mimi ninazo zaidi ya thelathini na upasuaji huu nimeufanya mara nyingi.

Vaa glavu. Utomvu wake una sumu kali, hapa Afrika Mashariki wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale. Watoto wakae mbali, kisu kioshwe baada ya kazi. Toa mmea kwenye chungu, pukuta udongo wote. Pale palipolainika kata. Utakuta nyama ya rangi ya kahawia au njano, ina maji. Endelea kukata kipande kwa kipande, kila mara ukifuta kisu kwa spiriti, mpaka ufike nyama nyeupe au ya kijani hafifu, ngumu kama kiazi kibichi, isiyo na doa hata moja. Ukiacha doa la ukubwa wa punje ya mtama, baada ya wiki mbili utakata tena. Inauma kukata, unaona unaimaliza. Kata.

Ukishafika palipo safi, paka unga wa mkaa, ining'inize kivulini penye upepo siku kumi hadi kumi na nne. Usiogope, ndani ya lile tumbo ina maji yake. Kidonda kikishakauka na kuwa kigumu, panda kwenye mchanga mnene na kokoto, udongo wa kawaida kidogo tu, na usimwagilie wiki ya kwanza.

Huku Dodoma zangu zote zimechanua kwa sababu mvua zetu ni chache na chungu changu ni kipana, hakina kina. Hasara yangu mwaka huu ni moja, kubwa kuliko zote, niliyoichimba na baba kwenye kiwanja chetu kabla hakijajengwa. Mchwa walipita chini ya chungu wakala kutokea ndani. Juu ilikuwa na maua. Nilipoinyanyua ikawa nyepesi kama boksi.

---

UaniKwaMama, Juni 11

Nimekata usiku huu huu. Imebaki theluthi. Nimefika peupe. Ahsante kaka, na pole kwa ile ya baba.

Dada wa Unguja, ya mama ilikuwa ya tabaka moja.

---

NyanyaWaMaua (Nairobi, upande wa Lang'ata), Juni 13

Hamjambo nyote. Nimefuata mazungumzo haya nikitikisa kichwa kwa sababu hadithi ya uani ndiyo yangu pia, ila mimi sikuhitaji saruji. Udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi, ukilowa unakuwa ugali na ukikauka unapasuka mkono unaingia. Mafuriko ya Aprili na Mei yalipopita nilikuwa nimepoteza lavenda kumi na moja, safu nzima kando ya njia. Lavenda ni mtu wa milima ya mawe na jua, mimi nikampanda bondeni kwa sababu pale ndipo nilipotaka kumwona nikitoka kanisani.

Agapanthasi zimebaki zote. Salvia zimechanua mapema. Na kuna ua moja sikulitarajia: lile jekundu la umbo la mpira, lenye nyuzi nyingi kama brashi ya duara, ambalo hutoka na mvua likitangulia majani yake. Kitunguu chake nilikizika 2021, nikakisahau kabisa. Mwaka huu kikatoa ua Aprili katikati ya mvua, mimi nikiwa ndani naomboleza lavenda.

Wanangu wanasema nibadilishe udongo wote. Haiwezekani. Nimejengesha tuta la mawe na changarawe urefu wa magoti, lavenda mpya watakaa juu. Kabla ya kupanda popote, jaribio ni hili: chimba shimo la futi moja, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kama mara ya pili maji bado yapo kesho yake asubuhi, hapo panda kana au yungiyungi, usipande kitu kinachopenda miguu mikavu.

---

Mswahili_Minneapolis (Minnesota, Marekani), Juni 15

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huku ni mwaka wa tisa. Kwetu ndiyo kwanza kiangazi kinaanza na bustani iko kwenye kilele, kwa hiyo naomba nichangie kutoka upande wa pili wa dunia.

Kilichochanua: piyoni. Sina ua la kulifananisha nalo nyumbani. Tumba lake ni kama limau, gumu, linatoa utomvu mtamu, na sisimizi wanalizunguka mchana kutwa. Mwaka wa kwanza niliwanyunyizia dawa. Jirani yangu, bibi wa Kimarekani wa miaka themanini na kitu, akaja mbio kunizuia: sisimizi wanakula ule utamu tu, hawadhuru. Piyoni hizi nilizikuta nyumba hii tunainunua, na yeye anasema zilikuwepo alipohamia mtaa huu miaka ya sabini. Ukizipanda, macho ya mizizi yasizidi sentimita tano chini ya udongo. Ukizika zaidi zitaishi miaka mingi bila kukupa hata ua moja.

Waliokufa ni wengi, na sababu ni ya ajabu: majira ya baridi hayakuwa na baridi ya kutosha. Yale ya 2023 kwenda 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa hapa, theluji ikawa kidogo. Huku theluji ni blanketi. Ikiwepo, udongo unabaki kwenye ubaridi mmoja hadi machipuko. Isipokuwepo, mchana udongo unayeyuka, usiku unaganda, unavimba na kusinyaa, mimea yenye mizizi mifupi inasukumwa juu. Machi nilikuta hiukera zangu, mimea mifupi ya majani ya rangi, zimelala juu ya ardhi, mizizi nje, kama mtu ameziweka pale kwa mkono. Nyanya wa Nairobi, lavenda zangu nazo zimekwenda, tatu kati ya tatu.

Nina asumini pia. Iko kwenye chungu, Septemba inaingia ndani, mwisho wa Mei inatoka. Ndani hewa ya hita ni kavu, utitiri mwekundu unaivamia, kila Jumamosi naiogesha bafuni majani yote chini na juu. Huchanua Julai. Mke wangu aliniambia usiku ilipochanua mara ya kwanza kwamba nilikuwa nimesimama gizani pale dirishani muda mrefu. Kwa hiyo habari ya sahani ya dada naielewa.

Jirani niliyemtaja ana vyungu sita vya violeti wa Kiafrika dirishani. Nilipomwambia kwamba ua hilo kwao ni Usambara, nyuma ya nyumbani kwetu, alinitazama kana kwamba nimemwambia namfahamu babu yake.

---

MzeeWaKitalu, Juni 16

Kijana wa Tanga, marahaba, umenigusa. Ua hilo ndilo ninalolea mimi kuliko lolote.

Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia ile. Leo linauzwa madirishani dunia nzima, na Muheza ukimwuliza mtu sokoni hajui kwamba ndugu zake wa porini bado wapo, wameshikilia miamba yenye kivuli na unyevu, kuelekea msitu wa Amani. Baadhi wako hatarini kabisa kutoweka kwa sababu msitu unapokatwa kivuli kinaondoka, na wao hawastahimili jua. Nawaomba msiwachimbe. Walio vitaluni wanatosha.

Mimi mwaka huu nimepoteza tisa kati ya kumi na nne. Nilivipanga barazani, upepo wa Mei ukaleta mvua ya ubavu, maji yakaingia katikati ya mmea pale majani yanapokutana. Hapo ndipo roho yake. Pakilowa pakakaa, panaoza siku tatu. Sasa nina majani. Jani moja zima, kikonyo chake sentimita tatu, likichomekwa mshazari kwenye mchanga na makumbi, baada ya miezi miwili vinatoka vitoto pembeni vya ukubwa wa sikio la panya. Nimechomeka ishirini.

---

Baridi_Njombe, Juni 16

Mzee, hilo la kuchimba porini limenichoma. Huku kwetu Kitulo, wazee wanapaita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ilianzishwa hasa kwa ajili ya maua. Okidi zake zina viazi chini, na kwa miaka mingi viazi hivyo vimechimbwa kwa magunia vikapelekwa Zambia, huko vinapikwa chakula kiitwacho chikanda. Kila kiazi kimoja ni mmea mmoja umekwisha. Anayetaka kuziona aje kuanzia Desemba hadi Aprili, ukungu ukifunguka utaona bonde zima lina rangi. Sasa hivi Juni pale ni nyasi na baridi, wenyewe wamelala chini.

---

UaniKwaMama, Julai 20, 2024

Nimerudi na taarifa.

Tulipata vipandikizi saba. Viwili vilikuwa vyeusi ndani ya wiki. Kimoja kilitoa jani jipya haraka sana, nikafurahi nikawaita watoto, baada ya siku nne kikalala. Nadhani kilikuwa kinatumia akiba yake tu, mizizi hakuna. Viwili vingine vilioza mwanzoni mwa mwezi huu. Vimebaki viwili, na sijavivuta, mzee, ingawa nimetamani. Leo nilipofungua kizibo nimeona kwenye kifundo cha pili cha kimoja kuna kitu cha kijani, kidogo kuliko punje ya mchele, kina nywele nyeupe ukikitazama kwenye mwanga. Na chini, kwenye tundu la kopo, umechungulia mzizi mweupe.

Dirishani mume wangu amekubali tung'oe pevingi mita moja na nusu kila upande. Kingo ya saruji tumeivunja. Maji ya paa tumeyapeleka kwenye mtaro kwa bomba, kule kwenye kana. Tulipochimba tuliondoa toroli nne za ule udongo mweusi, shimo tumeliacha wazi lipigwe jua. Nimelifanyia jaribio la Nyanya wa Nairobi: mara ya pili maji yameisha kwa saa tatu.

Adeniamu iliyokatwa imetoa majani matano.

---

BintiMkunazini, Julai 20

Alhamdulillah. Na mkilua wangu umechipua, macho matatu, chini ya pale nilipokata. Da'angu, nina asumini ya tabaka moja niliyoilaza tawi lake chini tangu Februari, imeshashika. Mdogo wangu anavuka na boti Alhamisi. Nikuletee?

---

UaniKwaMama, Julai 20

Niletee, dada. Nitaipanda upande wa barazani, pale dirishani namwekea huyu mwenye punje ya mchele. Mzee, huyu nimhamishe lini?

---

MzeeWaKitalu, Julai 21

Akifikisha majani sita. Wala usiwe na haraka, mpe chungu kidogo kwanza. Aende ardhini vuli ya kwanza ikishalowesha udongo, na siku hiyo upande jioni.